Kituo Namba Kumi na Nne

6 Mei

Kwa Fundi Mkuu wa kituo cha redio,

Salamu. Mimi ni mke wa mnyapara wa kiwanda cha matofali kule bondeni, yule aliyekufa maji tarehe 2 Machi pamoja na wenzake kumi. Nimesoma hadi darasa la saba, kwa hiyo utanivumilia nikikosea namna ya kuandika barua ya ofisi.

Siku hiyo milango ya bwawa ilifunguliwa. Redio yenu ilitangaza saa nne asubuhi kwamba watu wote wa bondeni wapande juu. Maji yalifika kiwandani saa sita kasorobo. Redio ya kiwanda alikabidhiwa mume wangu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza matangazo ya bwawa na kuwaambia wenzake. Kamati ya uchunguzi imesema alisikia akapuuza, kwa kuwa tanuri lilikuwa limeshawashwa na hakutaka liharibike.

Wamesema hivyo kwa sababu ya karatasi iliyotoka kwenu. Ilisomwa mbele ya watu wote nikiwa nimekaa pale: "Kituo cha kupimia namba kumi na nne, kiwanda cha matofali. Nguvu ya uga, milivolti mbili kwa mita. Mapokezi mazuri." Sijui nguvu ya uga ni kitu gani. Najua tu kwamba msomaji alipomaliza, wanawake wawili niliokaa nao benchi moja walisogea mbali nami.

Redio yake nililetewa ndani ya mfuko wa saruji, pamoja na kiatu chake cha kushoto. Mshale uko palepale penye stesheni yenu. Kitufe cha sauti kimezungushwa hadi mwisho. Mume wangu hakupenda kelele. Taarifa ya habari aliisikiliza kwa sauti ya chini mpaka nikawa namwambia, "Wewe unasikiliza redio au unateta nayo?" Mtu kama huyo akifungua sauti hadi mwisho, kuna kitu anakitafuta na hakipati.

Mwisho wa Agosti litawekwa jiwe bondeni lenye majina ya waliokufa. Wamesema majina yatakuwa kumi. Mimi nataka yawe kumi na moja. Naomba mniandikie karatasi moja tu, inayosema kama redio ile ingeweza kushika pale chini au haingeweza.

Mke wa Mnyapara


19 Mei

Kwa Mama, mke wa marehemu Mnyapara,

Pole sana kwa msiba. Barua yako imeletwa mezani kwangu kwa sababu mimi ndiye ninayezunguka na gari la vipimo. Ile karatasi ni yangu.

Nguvu ya uga ni kipimo cha kiasi gani cha mawimbi ya redio kinafika mahali fulani. Redio ya kawaida hushika vizuri kuanzia nusu milivolti kwa mita. Kituo namba kumi na nne kimeandikwa milivolti mbili, yaani mara nne ya kinachohitajika. Kwa hesabu hiyo, redio ilipaswa kushika.

Lakini redio inaweza kushindwa kwa sababu nyingine. Betri huisha. Antena hukatika. Vumbi la matofali huingia kwenye kitufe. Ukiieleza kamati hivyo, huenda wakakuelewa.

Pokea tena pole zangu.

Mpimaji


1 Juni

Ndugu Mpimaji,

Ahsante kwa kunijibu upesi. Wengine niliowaandikia bado wamenyamaza.

Betri zilikuwa mpya. Kila alipoweka betri aliandika tarehe juu yake kwa penseli, kwa maandishi madogo madogo ya mtu anayeogopa kumaliza karatasi. Nimezifungua. Zimeandikwa 27 Februari. Antena ilikatika ncha siku nyingi, na yeye akaunga njiti ya gurudumu la baiskeli, akawa anatamba nayo kuliko kama angenunua mpya. Vijana wa kiwandani walimwita Stesheni. "Stesheni, leo mvua ipo?" "Ipo, lakini si ya kukuogesha wewe." Alikuwa na maneno hayo hayo kila siku na kila siku walicheka.

Kuna jambo moja linalonitesa, na nakuambia wewe kwa sababu hunijui. Walionusurika wanauliza, "Mbona siku za mpira ilikuwa inashika?" Ni kweli. Hata mimi niliwahi kufika nikakuta watu wote wameacha kazi, wanapiga kelele za goli. Nikiulizwa hivyo naondoka. Narudi nyumbani nakaa na ile redio mapajani.

Nakuomba unieleze ile nguvu ya uga polepole, kama unavyomweleza mtu mwenye shughuli nyingine lakini si mjinga. Kama neno hilo ndilo limemhukumu mume wangu, nataka nilijue.

Mke wa Mnyapara


11 Juni

Mama,

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo akitaka jibu kweli. Hata nyumbani kwangu wanajua tu kwamba napanda gari lenye mlingoti.

Watu hudhani nguvu iko kwenye mtambo. Mtambo wetu uko kilimani, ni mkubwa, unaunguruma, taa yake nyekundu inaonekana mbali. Lakini ile ni nguvu inayotoka. Nguvu ya uga ni ile inayofika. Mawimbi yakiondoka kwenye mtambo yanatawanyika, na kadiri yanavyokwenda mbali ndivyo kila mahali panavyopata kidogo zaidi. Ili kujua mahali fulani panapata kiasi gani, tunasimamisha antena pale, tunasoma umeme ambao mawimbi yanauamsha ndani yake, kisha tunapiga hesabu: kama waya wenye urefu wa mita moja ungenyooshwa hewani hapa, ungepata kiasi gani? Ndiyo maana tunasema milivolti kwa mita. Ni kiasi kidogo mno, huwezi hata kukihisi kwa ulimi. Lakini humo ndani ya hicho kidogo mna sauti ya mtu mzima anayeongea.

Mlima ukikaa katikati, unatia kivuli. Mawimbi yetu hujipinda kidogo ukingoni, ila aliye chini kabisa nyuma ya mlima hupata mabaki tu. Na kimo kina maana kubwa. Sisi tunapima mlingoti ukiwa mita kumi juu, ndivyo kanuni inavyotaka. Msikilizaji yeye amekaa kwenye kigoda. Ukipanda mita chache tu, pale palipokuwa kimya panaweza kuanza kusema.

Nimeandika mengi. Hayo ni maelezo ya jumla tu, Mama. Jedwali la vipimo limekwisha kupelekwa kwa kamati na siwezi kulibadilisha. Nakushauri usijisumbue zaidi, utaumia bure.

Je, ile barabara ya kushukia kiwandani inapitika siku hizi?

Mpimaji


25 Juni

Ndugu Mpimaji,

Barua yako niliisoma mara nne, ya mwisho kwa sauti.

Ulipoandika habari za kimo nilisimama. Siku za mpira mume wangu hakuwa akisikilizia chini. Alipanda juu ya rundo la matofali yaliyokwisha kuiva, rundo refu kama nyumba, akakaa pale juu miguu ikining'inia, akawatangazia walio chini. Ndiyo maana walimwita Stesheni! Na mimi nilimsema sana kwa sababu ya suruali zake kuchanika makalioni. Mwisho wa Februari malori matatu yalikuja yakabeba rundo lote. Tarehe 2 Machi hapakuwa na cha kupanda. Jibu la swali lao lilikuwa kwenye suruali nilizozishona kwa mkono wangu, na sikuliona.

Basi nikafanya kipimo changu. Niliazima redio kwa yule mama anayeuza chai pale juu barabara inapoanza kushuka, aliyoinunua baada ya maji yale. Nikaweka stesheni yenu, nikashuka nayo nikihesabu hatua. Hatua ya tisini ilianza kukwaruza. Hatua ya mia moja na arobaini, mtangazaji alikuwa katikati ya kusoma bei za mahindi, akakatika. Nikaenda hadi pale tanuri lilipokuwa, hatua mia sita na kitu. Nikafungua sauti hadi mwisho. Ilikuwa ni mvumo tu, kama mafuta yanayokaangwa. Nikasimama pale nikausikiliza muda mrefu. Nadhani ndicho kitu cha mwisho alichosikia kabla ya maji.

Nilipomrudishia mama wa chai redio yake tukazungumza. Nikamuuliza kama aliwahi kuona gari lenye mlingoti.

"Mbona nalikumbuka," akasema. "Mvua za mwaka juzi. Lilikaa hapa nusu saa, wakainua lile dude lao juu ya paa langu. Nikawaambia, mkiangusha bati langu leo mtalala hapa mnalishikilia kwa mikono."

"Wakashuka kiwandani?"

"Washuke wapi na tope lile? Trekta lenyewe lilikwama. Wakaandika andika hapo, wakaondoka. Yule mrefu mwenye kikohozi alikunywa chai bila sukari. Nikamwambia, baba, hiyo sasa ni dawa."

Umeniuliza kama barabara inapitika. Siku hizi inapitika.

Ndugu Mpimaji, wewe unakunywa chai na sukari?

Mke wa Mnyapara


4 Julai

Mama,

Barua yako nimeipata. Niko safarini kikazi. Nitaandika nikirudi.

Mpimaji


8 Agosti

Ndugu Mpimaji,

Safari yako ni ndefu.

Mchonga mawe ataanza kuchonga Jumatatu ya tarehe 24. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, nikamweleza habari za rundo la matofali na hatua nilizohesabu. Alinisikiliza vizuri, hata kiti alinipa. Kisha akasema, "Mama, wewe umepima kwa miguu. Wenzako wamepima kwa mashine." Nikaondoka.

Mwanangu wa kike ana miaka tisa. Juzi mwenzake shuleni alimwambia baba yake aliuza watu kwa matofali. Amerudi ameniuliza mtu mmoja anauzwa kwa matofali mangapi. Hakuwa analia, alikuwa anauliza kweli.

Sina kingine cha kukuandikia. Kama umeamua kunyamaza, niambie kwamba umeamua, nisiwe nakwenda posta kila Ijumaa.

Mke wa Mnyapara


17 Agosti

Mama,

Bila sukari. Na kikohozi bado ninacho.

Sikuwa safarini. Barua yako ilikaa kwenye droo, na mimi nilikaa mbele ya droo.

Ilikuwa hivi. Nilipewa vituo kumi na nane nivipime kwa siku tatu, na mvua ilikuwa haikatiki. Cha kumi na nne kilikuwa kiwanda cha matofali. Tulipofika kwenye kibanda cha chai dereva akasema, "Mzee, tukishuka hapa tutapandishwa na ng'ombe." Nikatazama ramani. Kutoka kibandani hadi kiwandani ni kama upana wa ukucha. Nikainua mlingoti palepale juu, nikapata milivolti mbili, nikaandika kwamba nimepima kiwandani. Nilijiambia kiangazi nitarudi nikapime upya. Kiangazi kilikuja kikapita mara mbili. Kamati ilipoomba jedwali nililinakili kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipofika mstari wa kumi na nne mkono haukusita. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi ninapolikumbuka.

Ulipoandika mara ya kwanza nilijua. Nikakuambia habari za betri. Ulipouliza maana ya nguvu ya uga nilifurahi kama mtoto kuulizwa, nikakueleza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nilitaka ugundue mwenyewe, na nilitaka usigundue. Ndiyo maana nilikuuliza habari za barabara.

Alhamisi nilichukua gari bila ruhusa, nikashuka peke yangu hadi pale tanuri lilipokuwa. Mlingoti ulipokuwa mita kumi nilipata moja ya tano ya milivolti. Kwenye karatasi niliandika mara kumi ya hiyo. Nikaushusha hadi mita tano, kimo cha lile rundo lake: nusu ya hapo. Kwa kimo hicho, mtu mwenye subira na njiti ya baiskeli angeweza kufuata mpira, huku kukikwaruza. Nikaushusha hadi kifuani pangu. Hapo mashine ilikuwa inasikia mvumo wake yenyewe. Kipimo chako cha miguu na changu cha mashine vimesema kitu kimoja.

Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa mwenyekiti, yenye mhuri na sahihi yangu. Inasema kwamba mimi sikupima kituo namba kumi na nne, kwamba nilidanganya, na kwamba tarehe 2 Machi hakuna redio ya mkononi ambayo ingeshika tangazo pale chini. Nakala nimempa mkuu wangu. Amenisimamisha kazi leo asubuhi. Sikuandikii hilo ili unionee huruma, ila usije ukaandika tena kwa anwani ya ofisi.

Siombi msamaha. Ningeomba ningekuwa nakutwika mzigo mwingine.

Mpimaji


20 Septemba

Ndugu Mpimaji,

Barua yako ilifika Jumamosi ya tarehe 29. Mchonga mawe alikuwa ameshamaliza majina kumi na ameanza kulisugua jiwe.

Nilimpelekea mwenyekiti. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akaitisha mkutano akaisoma mbele ya watu, kwa sauti ileile aliyosomea jedwali lako. Kisha mama wa kijana mmoja mchanganya udongo aliyekufa siku ile, ambaye tangu Machi alikuwa akiniona njiani anavuka upande wa pili, akasema, "Basi aandikwe." Hakunitazama. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Mbele ya jiwe nafasi ilikuwa imekwisha. Jina lake limechongwa ubavuni, herufi ndogo kidogo kuliko za wenzake. Binti yangu alilipapasa kwa kidole, akauliza kwa nini baba amekaa pembeni. Nikamwambia alichelewa kufika. Ndivyo alivyokuwa, hata kwenye harusi yetu alichelewa.

Sasa na mimi nina la kusema, maana umesema lako lote, na si haki nikulaze peke yako kwenye shimo hilo.

Mume wangu alijua kwamba redio haishiki chini. Kila siku saa nne kasoro alikuwa anapanda nayo hadi kibanda cha chai, anasikiliza matangazo ya bwawa, anashuka. Mama wa chai alimwekea kigoda chake. Mwezi Januari mwenye kiwanda alipata jedwali lenu, akalibandika mlangoni. Akamwambia, "Karatasi inasema hapahapa panashika. Hizo safari zako za juu sasa basi, unaniibia muda." Akaacha kupanda. Hilo sikukuandikia kwa sababu mwanzoni sikujua wewe ni nani, na baadaye nilijua, nikaona litakuua. Leo nakuandikia. Ni haki yako kujua urefu wa jambo lako.

Asubuhi ile ya tarehe 2 nilimpelekea chakula. Nilipokuwa naondoka alinifuata na redio mkononi. "Pita nayo kwa mama wa chai," akasema, "kaa mpaka saa nne ipite, ukisikia lolote nipigie kelele kutoka juu. Mimi nimekatazwa kupanda, wewe hujakatazwa." Miguu ilikuwa inaniuma. Nikacheka, nikamwambia, "Mwenye kiwanda akikukuta huna redio atakupa talaka kabla yangu." Akacheka na yeye. Akairudisha redio kwenye kigogo alipozoea kuiweka. Nikaenda nyumbani nikalala. Ningekaa pale juu nusu saa tu, watu kumi na mmoja wangekuwa hai. Sijamwambia mtu yeyote hilo mpaka leo; hata zile safari zake za juu sikuzitaja kwa kamati, wasije wakaniuliza habari za asubuhi ile. Nilipokuwa napigania jina lake, nusu ya mapigano nilikuwa napigania langu.

Umesema huombi msamaha. Sijui kama ningekuwa nao. Siku nyingine nikiamka naukuta, siku nyingine siukuti. Ila mkono ulioandika mbili ndio huohuo ulioandika moja ya tano, na hiyo ya pili ilikugharimu kazi. Nimeliweka hilo moyoni.

Redio ya mama wa chai nilimrudishia. Ile ya mume wangu imekauka lakini haisemi, nami sitaitengeneza. Mshale nimeuacha palepale. Kitufe cha sauti ndicho nilichokirudisha nyuma, hadi pale alipokuwa anapenda, chini, kama mtu anayeteta.

Bwawa bado lipo, na vijana wameanza tena kuchoma matofali bondeni. Ninapanda mimi sasa, kila siku saa nne kasoro. Nakaa kwenye kigoda cha mume wangu, kando ya redio ya mama wa chai, mpaka tangazo lipite, kisha nawapungia mkono kwamba salama. Wananiita Stesheni. Mara ya kwanza nililia, sasa naitika.

Kama utapata kazi nyingine ya kupima, mahali popote, shuka hadi chini. Na ukiwa umesimama pale chini, nikumbuke.

Mke wa Mnyapara